Makali Yangu Nayajua

Baiskeli yangu haiendi popote.
Naisimamisha kwa stendi, napiga pedali,
jiwe linazunguka, cheche zinarukia
upande wa genge la ndizi pale Mwanjelwa.
Miaka kumi na tisa.
Visu vya mabucha, mapanga ya kufyekea kahawa,
mkasi wa Tumwitike fundi cherehani
asiyelipa mpaka umdai mbele ya wateja.

Jiwe langu lina kilema: limelika kushoto.
Kila kisu kinachopita kwangu
huondoka na mlalo mdogo ubavuni,
kama mtu aliyelalia sikio.
Hakuna anayeuona. Mimi nauona.

Jumanne usiku nilikuwa natafuta soksi.
Julai ya Mbeya, baridi inauma hadi kwenye meno.
Nikapapasa chini ya godoro la Anyelwisye.
Haikuwa soksi.
Kisu, mpini umeviringishwa tyubu ya baiskeli,
na ubavuni, mlalo wangu.

Nikakaa.
Nikakumbuka vijana wanne, mwezi wa tano,
majaketi juu ya sare za shule:
"Mzee, tunolee, tuna kuku wa kuchinja."
Kuku gani huyo wa visu vinne?
Nilihesabu pesa. Elfu mbili kamili.
Vijana sikuwahesabu vizuri.
Wa nne alisimama mbali, nyuma ya kibanda cha vocha,
amenipa mgongo.
Mgongo ule niliusugua kwa dodoki miaka sita,
na sikuutambua.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe.
Mimi sikungoja alie.
Nilimnolea.

Na wiki iliyopita, kule Ilomba,
mtoto wa Asegelile alishonwa nyuzi kumi na moja.
Tulikaa kwenye benchi la kahawa tukasema,
wazazi wa siku hizi!
Nami nilisema.
Sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote.

Alirudi saa nne, vumbi la Soweto viatuni.
Kisu kilikuwa mezani, kando ya kande zilizopoa.
Nilishavua mkanda. Nikautazama.
Nikauvaa tena, suruali ilikuwa inashuka.
Nikamwuliza neno ambalo sijawahi kumwuliza
tangu tumzike mama yake Tukuyu:
"Unamwogopa nani?"

Akatazama taa. Akatazama kisu.
Tulikaa muda ambao chai ingechemka na kumwagika.
Kisha akataja jina.
Kisha la pili. Kisha kichochoro kimoja nyuma ya shule,
ambacho nakipita kila siku na baiskeli yangu
nikipiga mluzi.
Mwanangu alikuwa na mtaa mzima wa hofu,
nami chumba cha pili, nakoroma.

Tukatoka uani. "Kalia," nikamwambia.
Akapiga pedali. Miguu yake mirefu sasa,
magoti yanagonga usukani.
Nikakishika kisu wima, makali yakitazamana na jiwe
uso kwa uso, namna ambayo
fundi yeyote akikuona atakucheka.
Kikalia. Cheche zikaruka hadi kwenye kamba ya nguo.
Jirani akafungua dirisha, akalifunga.
Hatukuacha mpaka kisu kikawa butu kama kijiko,
na mkono wangu umekufa ganzi,
na Loleza juu yetu giza tupu, haina la kusema.

Kesho sifungui kazi.
Kuna milango mitatu ya kugonga.
Baba mmoja atafoka. Mama mmoja ataapa
wake hawezi, wake anaimba kwaya.
Nitawaonyesha mlalo, niwaambie
haya ni makali yangu, tafuteni chini ya magodoro.

Halafu kuna mlango wa nne, wa Asegelile.
Huo sijui nitaugonga kwa mkono upi.
Bado sijamwuliza mwanangu kama ni yeye.
Nitamwuliza njiani,
kabla hatujafika kwenye daraja,
mahali ambapo anaweza bado kugeuka akanitazama.